Ndugu yako yuko mahabusu au jela na anaumwa? Mwongozo kamili wa kuhakikisha anapata dawa na daktari

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye jana usiku kapigiwa simu kwamba mdogo wake au mume wake au mama yake kakamatwa, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani hata sio kesi, ni dawa. Anatumia dawa kila siku, sasa itakuaje.

Mdogo wangu ana kifafa toka akiwa na miaka 9. Alikaa mahabusu miezi 14 hapa Dar. Wiki tatu za kwanza hakumeza hata kidonge kimoja, akaanguka mara nyingi mpaka wenzake wakaacha kuhesabu, na mara moja akaangukia ukingo wa choo akapasuka juu ya jicho. Sitaji gereza wala kituo, na kwa kweli simlaumu mtu mmoja mmoja, maana baadae niligundua kwamba hakuna mtu hata mmoja pale ndani aliyekuwa anajua kwamba huyu kijana ana kifafa. Mimi nilikuwa najua, mama alikuwa anajua, jirani zetu wote walikuwa wanajua, ila kwenye makaratasi ya polisi hamna, kwenye faili la mahakama hamna, kwenye daftari la zahanati ya gereza hamna. Na ugonjwa ambao haujaandikwa, ukishavuka lile geti, haupo. Kwaiyo kila hatua utakayoisoma hapa chini ni namna ya kuufanya ugonjwa wa ndugu yako uandikwe, kila mlango anaopita.

Naongelea Tanzania bara. Zanzibar magereza yao yanaitwa Vyuo vya Mafunzo na yako chini ya serikali ya kule, utaratibu unafanana lakini barua zinaenda kwa watu wengine.

Hatua ya 1: kituo cha polisi, usiku huo huo

Usisubiri asubuhi kama ana ugonjwa wa dawa za kila siku. Nenda kituoni, salimia vizuri, ukifika kaunta usianze na "mmemkamata kwa nini", anza na ugonjwa. Sema jina lake, sema ugonjwa, sema dawa anameza saa ngapi, alafu omba iandikwe kwenye kitabu cha taarifa pale kaunta. Ukiona askari anakusikiliza tu bila kuandika, mwambie kwa upole, "afande naomba uniandikie hapo maana usiku akizidiwa msije mkapata lawama nyie". Hiyo sentensi inafanya kazi kwa sababu ni ya kweli, mtu akifia selo ni wao wanaoulizwa.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu, na kama ameomba matibabu, au hata hajaomba ila anaonekana anahitaji kwa ugonjwa au jeraha, polisi anayehusika achukue hatua bila kuchelewa. Soma tena hapo, "hata hajaomba". Mtu aliyezimia hawezi kuomba. Na Katiba, Ibara ya 13(6), inasema heshima ya binadamu itahifadhiwa hata pale mtu anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru.

Kama ana majeraha, kapigwa na wananchi au kaumia kwenye ukamataji, ombeni PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) hapo hapo na apelekwe hospitali. Piga picha ya makaratasi yote. Askari wa kaunta akigoma, omba kuonana na mkuu wa kituo.

Na dhamana, jamani. Kama kosa lina dhamana pambaneni ipatikane pale pale kituoni, maana hakuna tiba nzuri ya gerezani inayozidi mtu kulala kwao. Ila kuna makosa hayana dhamana, mfano mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na hapo ndo safari inakuwa ndefu na mwongozo huu unakuhusu zaidi.

Hatua ya 2: tengeneza bahasha ya ugonjwa

Hii ifanye siku ya pili, usilale. Nenda hospitali au kliniki anayotibiwa, sio duka la dawa, hospitali yenyewe yenye faili lake. Waambie unahitaji barua yenye muhuri inayoeleza anaumwa nini, toka lini, anatumia dawa gani, kipimo gani, mara ngapi kwa siku, na (hapa ndo pa muhimu, wengi wanapasahau) nini kitatokea akikosa dawa. Daktari aandike kwa maneno ya kawaida. Ya mdogo wangu iliandikwa kwamba akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika na kufa. Barua hiyo ndo iliyobadilisha kila kitu, kuliko maneno yote niliyoongea kwa wiki tatu nikilia pale getini.

Toa fotokopi sita. Moja ya polisi, moja ya mahakama, moja ya Mkuu wa Gereza, moja ya zahanati ya gereza, moja ya wakili kama yupo, moja ibaki. Original usiitoe kwa mtu yeyote, ikipotea umeanza upya. Humo kwenye bahasha weka pia kopi ya cheti cha dawa, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya karibuni, na kama ana mzio wa dawa fulani andika kwa herufi kubwa juu ya bahasha.

Hatua ya 3: mahakamani, mlango ambao watu wengi wanaupita bila kuutumia

Watu wanadhani hakimu anahusika na kesi tu. Mahabusu ni mtu wa mahakama, yuko gerezani kwa amri ya mahakama na kesi yake inatajwa kila wiki mbili hivi, kwaiyo kila baada ya wiki mbili ana nafasi ya kusimama mbele ya mtu ambaye akiandika neno kwenye jalada, gereza linalisoma.

Tatizo ni kwamba ndugu huruhusiwi kuropoka ukiwa umekaa benchi la nyuma. Anayetakiwa kusema ni mshitakiwa mwenyewe au wakili wake. Kwaiyo mfundishe mapema sentensi moja, airudie mpaka aikariri, maana pale kizimbani watu wanaogopa, kesi inatajwa dakika mbili inaahirishwa na karandinga hilo linaondoka. Wa kwetu tulimfundisha hivi:

"Mheshimiwa hakimu, naumwa kifafa, natumia dawa kila siku, toka niingie gerezani sijapata dawa. Naomba mahakama ielekeze nipatiwe matibabu na jambo hili liandikwe."

Alivyosema hivyo, na kile kidonda juu ya jicho bado kina nyuzi, hakimu aliacha kuandika, akavua miwani, akamuangalia, akamuuliza wakili wa serikali kama ana pingamizi, hana, akaandika. Gereza limpatie matibabu na taarifa iletwe tarehe ya kutajwa inayofuata. Dakika moja tu. Wiki tatu tulizunguka wakati jibu lilikuwa pale.

Kabla ya siku hiyo mpelekee karani wa mahakama kopi ya barua ya daktari uombe iwekwe kwenye jalada. Kama dhamana ilikataliwa kwa sababu nyingine, ugonjwa mzito wenye vielelezo ni hoja ya wakili kurudi kuiomba tena. Na kama kosa halina dhamana kabisa na mtu yuko hoi, wakili anaweza kumuandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ana mamlaka ya kuiondoa kesi mahakamani. Sikuahidi kwamba atafanya, ila mlango upo na ugonge.

Kama unaona akili yake haiko sawa, anaongea peke yake, hatambui watu, hilo nalo lisemwe mahakamani mapema. Mahakama ina uwezo wa kuamuru akachunguzwe hospitali ya afya ya akili, kwa wengi ni Mirembe kule Dodoma, kabla kesi haijaendelea. Usimuache mgonjwa wa akili ajitetee mwenyewe kizimbani, nimeshuhudia, inaumiza.

Hatua ya 4: wiki ya kwanza gerezani

Kila anayeingia anatakiwa aonwe na mtu wa afya. Hii ipo hata kwenye Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, kwamba mgeni apimwe mapema iwezekanavyo baada ya kuingia, na kwamba huduma ya afya ya mfungwa ni jukumu la serikali, iwe bure na kiwango chake kiwe sawa na cha watu wa mtaani. Zimepewa jina la Mandela kwa sababu ya miaka 27 aliyokaa ndani, na yeye mwenyewe aliugua TB akiwa gereza la Pollsmoor 1988 akapelekwa hospitali. Hata Mandela. Kwaiyo usione aibu kudai.

Ukweli wa huku kwetu ni kwamba magereza mengi yana zahanati yenye wahudumu wachache sana kulinganisha na watu waliomo, na foleni ya asubuhi ni ndefu. Mwambie ndugu yako siku akiulizwa "una tatizo lolote" asijibu "hamna" kwa woga. Wengi wanaficha, hasa VVU na TB na magonjwa ya akili, wanaogopa kutengwa. Asiposema siku hiyo, siku akizidiwa ataonekana anatega kazi au anatafuta upenyo wa kutoka.

Wewe huku nje andika barua kwa Mkuu wa Gereza. Sio ndefu. Mfano:

*YAH: MATIBABU YA MAHABUSU (JINA KAMILI), KESI NAMBA (…)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dada wa mtajwa. Ndugu yangu ni mgonjwa wa (ugonjwa) tangu mwaka (…) na anatibiwa hospitali ya (…). Anatumia (dawa, kipimo, mara ngapi). Daktari wake ameeleza kuwa akikosa dawa anaweza (…). Naomba ofisi yako ielekeze aonwe na mganga wa gereza na apatiwe dawa hizo, na endapo hazipo zahanati, familia iruhusiwe kuzileta. Naambatanisha barua ya daktari na cheti cha dawa.*

*Nakala: Mganga wa Gereza.*

Peleka kopi mbili, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, andika mwenyewe nyuma ya kopi yako, tarehe na saa na jina lililopo kwenye kifua cha aliyepokea. Huo muhuri utauhitaji hatua ya 8 kama mambo yataharibika.

Hatua ya 5: dawa getini

Mi mara ya kwanza nilikwenda na vidonge vimefungwa kwenye kifuko cha nailoni, nimevitoa kwenye kopo kubwa la nyumbani ili nipunguze mzigo. Afande akaninyooshea mkono, akafungua, akanusa, akaniuliza "hii ni dawa gani, imeandikwa wapi?" Nikasema ni fenobabito afande, ya kifafa. Akanirudishia. Nilikasirika sana siku ile, nimepanda daladala tatu, lakini leo nakwambia alikuwa sahihi. Fenobabito ni dawa inayodhibitiwa, inalevya, na kidonge cheupe kisichokuwa na jina kinaweza kuwa kitu chochote.

Kwaiyo dawa ziende zikiwa kwenye boksi lake au kopo lake lenye lebo, jina la mgonjwa, pamoja na cheti cha daktari na risiti. Peleka za mwezi mmoja, sio za miezi sita, zikipotea au zikiharibika hasara sio kubwa. Dawa zisikabidhiwe kwa mgonjwa mwenyewe wala kwa mfungwa anayefanya kazi getini, ziende zahanati na ziandikwe. Omba kujua nani amezipokea. Ukija kumuona wiki ijayo usimuulize "umepata dawa?", maana atajibu ndio ili usilie, muulize "vidonge vya rangi gani, umemeza vingapi, saa ngapi". Hapo utajua.

Dawa za VVU usizitaje kwa sauti getini mbele ya watu. Weka kwenye bahasha iliyofungwa, omba kuongea na mhudumu wa zahanati faragha. Taarifa zake za ugonjwa ni siri hata akiwa ndani.

Na pesa. Akija mtu akakwambia toa kiasi fulani ili ndugu yako apelekwe hospitali au dawa zifike, usitoe. Ukitoa mara moja itakuwa kila wiki, na wenzake ambao ndugu zao hawana watasukumwa nyuma ya foleni. Namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113, haina makato.

Hatua ya 6: watu anaolala nao

Hii hamna ofisi itakayokuambia. Zahanati inafunga, usiku selo inafungwa kwa nje, na mtu akianguka saa nane usiku daktari wake wa kwanza ni yule aliyelala ubavuni kwake. Kwaiyo nyapara wa selo, yule mwenzao anayewasimamia humo ndani, anatakiwa ajue.

Mdogo wangu alikuwa anaogopa kusema kwa sababu huku kwetu watu bado wanaamini mate ya mtu wa kifafa yanaambukiza. Hayaambukizi, kifafa hakiambukizi kwa namna yoyote. Siku aliyomuambia nyapara, yule baba (alikuwa mtu mzima, alikuwa na kesi yake nzito) alimhamisha kutoka karibu na choo akamlaza ukutani, akawaeleza wenzake. Akianguka mlaze ubavu, sogeza kila kitu kigumu, weka nguo chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimuwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, hesabu dakika, zikipita tano gongeni mlango mpaka askari aje. Toka siku hiyo hakupasuka tena. Yani watu waliosongamana kwenye chumba kimoja, kila mtu na shida yake, walimlinda mgonjwa wangu kuliko mtu mwingine yeyote, na mpaka leo nawaombea.

Hatua ya 7: magonjwa moja moja, nini cha kuangalia

TB ndo adui mkubwa wa magereza dunia nzima, watu waliofungwa wanaugua mara 10 hivi zaidi ya watu wa mtaani, kwa sababu ya msongamano na hewa isiyozunguka. Kikohozi cha wiki mbili, jasho usiku, kukonda, homa za jioni, apimwe makohozi, na vipimo na dawa ni bure. Tiba ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo dawa nne na minne inayofuata dawa mbili. Hatari kubwa ni kukatisha, mtu anapata nafuu mwezi wa pili, anahamishwa gereza lingine na kadi haikumfuata, TB inarudi ikiwa sugu. Ukisikia anahamishwa, kazi yako ya kwanza ni kuuliza kadi yake ya TB iko wapi. Na nyie mliokuwa mnaishi nae nyumbani mkapime pia.

VVU: namba yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) na barua ya uhamisho kutoka kliniki yake ya zamani. Ni kidonge kimoja kwa siku kwa walio wengi, hakuna sababu ya kukikosa. Mtu aliyeingia hajui hali yake anaweza kuomba kupima.

Kisukari cha sindano ni kigumu zaidi ya yote, sitaki kukudanganya. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, iliyofunguliwa inavumilia kama wiki nne sehemu yenye ubaridi isiyozidi nyuzi 30, na sindano haziruhusiwi kukaa selo. Kwaiyo lazima zahanati ndo ichome, na lazima chakula kije karibu na muda wa sindano. Barua ya daktari iseme hivyo waziwazi, sindano saa fulani, chakula ndani ya nusu saa. Wenzake wajue dalili za sukari kushuka, jasho la baridi, kutetemeka, kuongea asichokielewa, apewe sukari au soda haraka kama bado anaweza kumeza.

Pumu, pampu inatakiwa iwe mkononi mwake usiku, sio kabatini zahanati. Hiyo iombeeni ruhusa maalum kwa maandishi. Sikoseli anahitaji maji mengi, blanketi, na kinga ya malaria, na maumivu yake yaaminiwe. Presha, vidonge visikatishwe kwa sababu tu "anajisikia vizuri".

Upele unaonekana mdogo lakini unakosesha watu usingizi miezi. Ile dawa ya kupaka ya BBE haisaidii akipaka mmoja, wapake selo nzima siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, na nguo na mablanketi yafuliwe yaanikwe juani. Tulichanga familia tano tukanunua chupa za kutosha tukazipeleka zahanati kwa barua, tulipokelewa vizuri tu.

Kwa wanawake, mjamzito aingie na kadi ya kliniki na mahudhurio yaendelee, na Kanuni za Mandela zinakataza kumfunga pingu mwanamke akiwa kwenye uchungu, anapojifungua na mara tu baada ya hapo. Mama aliyeingia na mtoto mchanga, kadi ya chanjo ya mtoto iingie nae, chanjo zisirukwe. Taulo za kike pelekeni kila mwezi, na ukiweza peleka na za yule ambaye hana mtu wa kumtembelea.

Rufaa ya kwenda hospitali ya nje

Zahanati ikishindwa wanaandika rufaa, na hapo ndo miadi mingi inapokufa, kwa sababu inahitaji gari, mafuta na askari wa kusindikiza, na siku hiyo hiyo karandinga na askari wako mahakamani. Ukipewa tarehe ya kliniki angalia isigongane na siku zenye kesi nyingi, muombe muuguzi wa kliniki abadilishe. Alafu andika barua fupi ya kukumbusha gereza wiki moja kabla. Siku yenyewe nenda hospitali mapema, shika nafasi kwenye foleni, uwe na faili mkononi. Askari wakikuta foleni ya masaa sita watachoka, wakikuta wewe umeshafungua faili mambo yanaenda.

Kikitakiwa kipimo cha kulipia na hamna pesa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uombe msamaha, eleza ni mtu aliye chini ya ulinzi wa serikali. Na uamuzi wa kitabibu ni wa mtu wa tiba. Daktari akisema alazwe, askari hana mamlaka ya kusema halazwi, hilo nalo lipo kwenye Kanuni za Mandela. Sema kwa heshima, "afande, tumsikilize daktari".

Hatua ya 8: wakikaa kimya

Nenda kwa mpangilio, usirukie mitandaoni siku ya kwanza. Kwanza Mkuu wa Gereza ana kwa ana, na ile kopi yenye muhuri. Bado? Ofisi ya Magereza ya mkoa. Sambamba na hapo mahakamani tarehe inayofuata. Bado? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ipo kikatiba, inaweza kuingia gerezani na kuchunguza, na malalamiko unapeleka bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wanapokea watu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, uliza getini kama wanaingia gereza hilo. Majaji na mahakimu huwa wanatembelea magereza, ndugu yako siku hiyo asikae nyuma ya mstari, aseme ile sentensi yake.

Kwa aliyekwisha kuhukumiwa na ugonjwa umefika pabaya, fuatilia msamaha wa Rais. Unatolewa kwa Ibara ya 45 ya Katiba, mara nyingi kwenye sherehe za kitaifa kama Uhuru tarehe 9 Desemba au Muungano tarehe 26 Aprili, na matangazo ya miaka mingi yamekuwa yakitaja wagonjwa wa UKIMWI, TB na saratani walio hatua za mwisho, waliothibitishwa na jopo la madaktari chini ya Mganga Mkuu wa mkoa au wilaya, wazee wa miaka 70 na kuendelea, waja wazito na wenye watoto wachanga. Kuna makosa yanaenguliwa. Lakini hilo jopo linasoma faili la zahanati, na kama miaka yote hakuandikwa, jina lake halitoki. Anzeni kuuliza miezi miwili mitatu kabla.

Na likitokea lile ambalo hakuna anayelitaka, akafia ndani, msikubali kupewa mwili na kuzika haraka haraka bila maelezo. Kifo cha mtu aliye chini ya ulinzi kina sheria yake ya uchunguzi, Sura ya 24. Ombeni uchunguzi wa mwili, ombeni daktari mwingine awepo kama mnaweza, chukueni ripoti kwa maandishi.

Siku ya kutoka

Watu wanatoka kwa furaha wanaacha dawa nyuma. Kabla hajavuka geti aombe muhtasari wa matibabu yake, kadi ya TB au CTC, na dawa zilizobaki. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hivyo hivyo, kliniki zipo toka ile ya Muhimbili ianze 2011, aandikiwe anaendelea wapi, na kwa aliyekuwa ameacha heroini kabisa siku za kwanza nje ni za hatari mno kwa sababu mwili hauhimili tena dozi ya zamani, msimuache peke yake.

Wa kwetu aliachiwa jioni ya saa kumi na moja, kesi imefutwa, ana kifuko cha karatasi chenye vidonge vinne vya fenobabito vilivyoandikwa jina lake kwa kalamu ya bluu. Vinne, nikapiga hesabu kwamba vinamfikisha keshokutwa. Mama alikuwa kapika pilau na majirani wamejaa uani. Kesho yake saa moja kamili asubuhi mimi na yeye tulikuwa kwenye benchi la kliniki, tumeshika namba tatu.